Mficha Maradhi ni Nani?

Mficha maradhi kifo humuumbua. Sidhani kama kuna aliyemaliza shule ya msingi bila kuiandikia insha methali hiyo, na kisa chetu sote kilikuwa kimoja: hapo zamani palitokea mtu aitwaye Hamisi, akaugua, akaficha, akafa, hadithi ikaishia hapo. Mwalimu anakupa kumi na sita kwa ishirini, nne zimekwenda kwenye tahajia. Hakuna aliyeulizwa Hamisi alimficha nani. Hakuna aliyeulizwa, kama angesema, nani angemsikiliza. Na katika insha arobaini za darasa zima mgonjwa ni Hamisi tu, si Hadija, wala si babu yake Hamisi.

Ndugu msomaji, hilo la mwisho ndilo lililonikalisha chini na kalamu. Ugonjwa nilioamua kuushika ni kifua kikuu, TB kama tunavyouita mitaani, kwa sababu ni kama methali ile ilitungiwa wenyewe. Kikohozi si kitu cha kufichika, lakini kila mwaka mamilioni ya watu wanabaki nacho bila kugunduliwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua TB duniani. Waliogunduliwa na kuandikwa kwenye madaftari mwaka huo walikuwa milioni 8.2. Hao wengine milioni mbili na nusu na ushei wako wapi? Wako kwenye daladala, wako jikoni, wako barazani wanaota jua. Na katika wale milioni 10.8, asilimia 55 walikuwa wanaume watu wazima, asilimia 33 wanawake watu wazima, na 12 zilizobaki watoto.

Nilizitoa namba hizi kijiweni kwetu, penye fundi viatu, muuza magazeti na wapiga debe wawili ambao hawajawahi kushindwa ubishi tangu wazaliwe. Jibu lilikuja kabla sijamaliza. "Si wamejitakia! Sigara, gongo, kukesha vilabuni. Unategemea nini?" Aliyesema hivyo alikuwa ameshika sigara. Wa pili akaja na jibu la kisomi zaidi (huyu ana dada muuguzi): wanawake nao wanaugua vilevile, ila hawaandikwi, maana mwanamke hadi apate nauli na ruhusa ya kwenda hospitali, ugonjwa umeshafika pabaya. Kwa hiyo, akasema, daftari ni la uongo.

Unaweza kudhani huu ni ubishi wa takwimu. Mimi naona ni ubishi wa maadili uliovaa koti la takwimu. Jibu la kwanza linamhukumu mgonjwa, la pili linamtetea. Na angalia nani kahukumiwa na nani katetewa: mwanaume kajitakia, mwanamke kaonewa, kabla hata hatujaenda kutazama mambo yenyewe yakoje.

Yakoje basi? Ziko tafiti ambazo hazimsubiri mgonjwa aje hospitali. Watafiti wanachagua maeneo ya nchi kwa bahati nasibu, wanafika na mashine ya eksirei, wanawapima watu wazima wanaokubali, awe anakohoa au hakohoi. Kenya walifanya hivyo mwaka 2015 na 2016. Walikuta wagonjwa 558 katika kila watu wazima 100,000. Wanaume walikuwa zaidi ya mara mbili ya wanawake, mijini walikuwa wengi kuliko vijijini, na umri uliobeba mzigo mkubwa ulikuwa wa miaka 25 hadi 34. Yaani sisi hasa, tunaosoma na kuandika kwenye kurasa hizi. Mwaka huohuo wa 2016 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti za namna hiyo kutoka nchi 28, nyingi za Afrika na Asia: kwa kila mwanamke mmoja mwenye TB walikuwapo wanaume wawili na kidogo. Lililonishtua mimi ni kwamba tofauti hiyo mitaani ilikuwa pana kuliko ilivyo kwenye madaftari ya hospitali. Maana yake, anayeachwa nje ya daftari kwa wingi ni mwanaume.

Yule mwenye dada muuguzi alikuna kichwa. Kumbe Hamisi wa insha zetu ndiye mfichaji kweli! Je, methali imeshinda? Taratibu kwanza.

Tumshike huyu wa "kajitakia", kwani ndiye mwenye sauti kubwa mitaani na, inasikitisha kusema, hata upande wa pili wa meza ya daktari anasikika. Ushahidi anao, tusimdhulumu. Mvutaji sigara yuko kwenye hatari ya TB karibu mara mbili ya asiyevuta. Mnywaji wa kupindukia, kama mara tatu. Na kwetu wanaovuta na kunywa kwa wingi ni wanaume. Sasa je, hesabu imefungwa? Haijafungwa. Tangu Robert Koch alipowatangazia madaktari wenzake wa Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba amemwona mdudu wa ugonjwa huu, tunajua kuwa TB haitoki kwenye chupa wala kwenye pakiti ya sigara. Mdudu anaingia kwa pumzi, akitokea kwenye kifua cha mtu mwingine ambaye naye hakugunduliwa mapema. Pombe inaweza kuuvunja ukuta wa nyumba, lakini mwizi alitumwa na nani? Mtu anaweza kukataa glasi. Hawezi kukataa hewa ya daladala iliyofungwa vioo kwa sababu ya mvua, kutoka Mbagala hadi Posta.

Kuna kesi moja inayonisaidia kufikiri. Kwa miongo mingi wanaume kutoka Lesotho, Msumbiji, Malawi na kwingineko walikwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Vumbi la mwamba linakwaruza mapafu, na pafu lililokwaruzwa ni nyumba iliyoachwa wazi kwa TB. Wengi walirudishwa makwao wakikohoa, wakafia huko. Mwaka 2018 makampuni sita ya dhahabu yalikubali kulipa fidia ya randi bilioni 5 kwa wachimbaji wenye ugonjwa wa vumbi na TB, na mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg ikaidhinisha makubaliano hayo. Sasa fikiri. Wachimbaji wale ni wanaume. Wamo waliovuta sigara. Wamo waliokunywa pombe usiku kwenye mabweni ya makampuni. Mtu aliyetaka kusema wamejitakia asingekosa cha kusemea. Ila yalipokaa mezani mazingira yao yote, kazi, vumbi, mabweni yaliyojaa watu, hilo neno likakosa nguvu. Mpiga debe wetu hajapata mwanasheria wa kuyaweka mazingira yake mezani, basi kwake neno limebaki na nguvu ileile.

Na ile kuchelewa kwenda hospitali, ambako ndiko kuficha kwenyewe? Hebu mfuatilie mwanaume wa kawaida wa mjini tangu alipozaliwa. Mara ya mwisho kuingia zahanati kwa utaratibu ni alipokuwa mgongoni mwa mama yake, anapimwa uzito kwa kadi ya kliniki. Tangu hapo hana safari ya zahanati isipokuwa akivunjika au akibebwa. Mwanamke, apende asipende, anapita pale kwa mimba, kwa chanjo ya mtoto, kwa uzazi wa mpango. Zahanati inafunguliwa asubuhi na foleni inakwisha mchana, saa zilezile ambazo kibarua anatafuta riziki ya siku. Akikosa siku moja, jioni hakuna unga. Ongeza na ule uanaume tuliolishwa: kikohozi tu, mwanaume mzima, utakwenda kumwambia nini daktari? Siupambi ujinga huo. Ila ujinga huo hakuubuni Hamisi. Tumeuimba wote, na dada zetu wameitikia kiitikio.

(Kuna watakaosema maumbile. Inawezekana yana mchango wake: kabla ya kubalehe wavulana na wasichana wanaugua TB karibu sawa, tofauti inafunguka baadaye. Lakini baada ya kubalehe si mwili tu unaobadilika, mtoto wa kiume anatumwa barabarani na wa kike anavutwa ndani. Na Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa kinyume na leo, wanawake vijana walikufa kwa kifua kikuu kuliko wanaume wa rika lao. Maumbile gani hayo yanayogeuka karne kwa karne?)

Mpaka hapo mtu anaweza kudhani namtetea mwanaume peke yake, na dada yangu akiisoma rasimu hii ataniuliza nimelipwa na nani. Basi twende kwa Hadija.

Hadija anapita zahanati, ndiyo, lakini kupita si kupimwa. Miaka kadhaa mjini Rawalpindi, Pakistan, watafiti walijiuliza kwa nini wanawake wanaokuja na kikohozi wanakutwa na TB wachache kuliko wanaume wanaokuja na kikohozi kilekile. Wakaitazama makopo ya makohozi. Mengi ya wanawake yalikuwa na mate. Si makohozi, mate. Mwanamke wa heshima hatemi mbele za watu. Akikohoa anaziba mdomo, akipanda makohozi anameza. Leo umpe kikopo, umwambie nenda pale nyuma ya ukuta ukateme, atakuletea anachojua kutoa bila kujiaibisha. Basi wakawagawa wanawake kwa kura. Kundi moja wakapewa maelezo mafupi: vuta pumzi ndefu, kohoa kutoka chini kabisa kifuani, usiogope, mate hatuyataki. Kundi lingine wakaachwa kama kawaida. Matokeo yalichapishwa 2007. Waliopewa maelezo, asilimia 13 walikutwa na TB kwenye darubini. Walioachwa kama kawaida, asilimia 8.

Nimelifikiria jambo hili siku nyingi. Wale wanawake hawakuficha kitu. Walitoka nyumbani, walipata ruhusa, walipanga foleni, walitoa walichoombwa kwa kadiri walivyokielewa, wakarudishwa nyumbani na jibu kwamba ni wazima. Mtu anayesimama na methali yetu mkononi atasema nini kwao? Hapa aliyeficha maradhi ni kikopo, pamoja na yule aliyekitoa bila kufungua kinywa. Na dawa yake ilikuwa maneno ya dakika mbili. Huwa najiuliza ni zahanati ngapi hapa kwetu ambako kikopo kinasukumwa dirishani kimyakimya, na anayesukuma wala hajainua macho.

Akigunduliwa, yanaanza mengine. Rifampisini, dawa iliyo moyo wa tiba ya TB, ile inayogeuza mkojo kuwa mwekundu ukaogopa, inalifanya ini lichakate haraka dawa nyingine nyingi. Mojawapo ni vidonge vya majira. Mwanamke anameza vidonge vyake kila siku bila kukosea, na mimba inaingia. Asipoambiwa mapema atumie njia nyingine, mume atasema nini? Na tukumbuke kwamba kwetu TB haitembei peke yake machoni pa watu, inatembea na Ukimwi. Mwanaume akiugua kifua, mkewe anaambiwa avumilie, amuuguze. Mke akiugua, mara nyingi huambiwa aende kwao kwanza "akapumzike". Kapumzika wangapi wakarudi wakakuta nyumba ina mwingine?

Kuhusu huo Ukimwi wenyewe, hapo ndipo umri unapoingia na kuivuruga hesabu yangu ya wanaume na wanawake. Kusini na mashariki mwa Afrika wasichana wa miaka 15 hadi 24 wanaambukizwa virusi kuliko wavulana wa rika lao, na virusi ndivyo vinavyoifungulia TB mlango mpana kuliko kitu kingine chochote. Katika umri huo ule mwanya kati ya wanaume na wanawake unapungua sana. Ukipanda juu, mwanya unafunguka. Ukipanda zaidi, unakutana na maradhi mengine: kisukari, presha, figo. Mgonjwa wa TB ni nadra awe na TB tu. Kijana wa kike ana virusi, kijana wa kiume ana pombe, mtu mzima ana sukari. Ugonjwa mmoja kwenye daftari, kumbe kila umri umeuoa na mwenzi wake.

Kisukari nakitia mkazo kwa sababu vijana tunakidharau, tunakiita ugonjwa wa wakubwa wenye vitambi. Kinaongeza hatari ya TB mara mbili hadi tatu, na zaidi ya nusu ya wenye kisukari Afrika hawajijui. Mwanza, utafiti uliochapishwa 2011 ulikuta asilimia 16.7 ya wagonjwa wa TB wana kisukari, wakati majirani zao wasio na TB walikuwa asilimia 9.4. Tena rifampisini ileile inazidhoofisha baadhi ya dawa za sukari. Kwa hiyo mzee anatibiwa kifua huku sukari inapanda, na sukari ikipanda kifua kinachelewa kupona. Wanaoshughulikia kifua wako jengo hili, wanaoshughulikia sukari wako jengo lile, siku zao za kliniki ni tofauti, na mzee ana nauli ya siku moja.

Na mzee huyo kabla ya kufika huko keshaambiwa mara ngapi kuwa hicho ni kikohozi cha uzee? Bibi anaambiwa ni moshi wa kuni, na kweli amepika kwa kuni miaka hamsini, moshi umemchoma kifua, kwa hiyo maelezo yanaingia akilini. Kukonda? Uzee. Jasho la usiku? Joto la Dar. Homa za jioni? Malaria. Kila dalili ina mwenyewe wa kuidai kabla TB haijafika. Tena huyu mfichaji wa aina ya ajabu anasema kila kitu, kila siku, kwa sauti, mbele ya watoto na wajukuu, na hakuna anayesikia.

Hapa nataka nisimame kidogo, maana ndipo penye mfupa wa makala hii.

Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilichapisha ripoti kuhusu afya iliyoleta kipimo kipya cha kuhesabu hasara ya magonjwa: miaka ya maisha mema inayopotea kwa kufa mapema na kwa ulemavu. Kipimo kizuri, kimesaidia mengi, kinatumika mpaka leo. Lakini kwenye hesabu yake ya mwanzo mwaka wa maisha haukuwa na uzito mmoja kwa kila mtu. Mwaka wa mtu wa miaka 25 hivi ulikuwa ndio mzito kuliko yote. Wa mtoto mchanga ulikuwa mwepesi, wa mzee ulikuwa mwepesi. Sababu waliitoa: mtu wa makamo ndiye anayewalisha wengine, akianguka wanaanguka wengi. Wataalamu wakabishana karibu miaka ishirini, na kwenye hesabu mpya zilizochapishwa 2012 uzito huo wa umri ukaondolewa.

Ukiwa na miaka 25, kama waandishi wengi wa jarida hili, hesabu ile ya kwanza inakubembeleza. Na hoja yake si ya kipuuzi, tunaitumia majumbani kila siku: pesa ikiwa ya dawa ya mtu mmoja, anatibiwa baba kwanza ili apate kuwatibu wengine. Lakini nenda Kagera. Ukimwi ulipowamaliza watu wa umri ule mzito, nani aliyewalea watoto waliobaki? Mabibi. Mwaka mmoja wa bibi wa miaka 68 mwenye wajukuu watano mgongoni una uzito gani kwenye mizani? Kama tunapima watu kwa kuwalisha wengine, basi tupime kweli, tuhesabu na uji. Na kama hatuwapimi kwa hilo, tuache kabisa kuwapa vijana nyongeza. Mimi nimeegemea upande wa pili. Siku tutakapoanza kuuliza mgonjwa ana faida gani kabla ya kumsikiliza kifua, "kajitakia" atarudi kwa mlango wa nyuma akiwa amevaa tai.

Watoto nao nisiwapite kimya, ingawa nitapita upesi. Mtoto mdogo hawezi kutoa makohozi, hata umpe maelezo ya Rawalpindi. Anayameza. Kwa miaka mingi ilibidi apitishwe mpira puani hadi tumboni ili yapatikane. Siku hizi mashine inaweza kumtafuta mdudu kwenye choo cha mtoto, na Shirika la Afya Duniani limeukubali mtindo huo. Uvumbuzi mwingine ni wetu wa nyumbani, Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, ambako shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa makohozi na kutambua yenye TB. Panya hajui kama makohozi ni ya mwanamke au ya mwanaume, ya mlevi au ya shehe. Ila hata panya ananusa kile tu kilicholetwa.

Sasa swali gumu. Tuseme wilaya ina gari moja la eksirei na mafuta ya wiki moja. Liende wapi? Ukifuata hesabu, liende vilabuni, vituo vya mabasi, machimboni, kwa vijana wa kiume, maana huko ndiko waliko wagonjwa wengi wasiojulikana. Ukifuata huruma ya kawaida, liende kliniki ya mama na mtoto, maana nani atakayechanga fedha kwa picha ya mlevi? Ukifuata haki kama wengi wanavyoielewa, ligawe siku: mbili wanaume, mbili wanawake, moja wazee, kila mtu apate chake, turudi nyumbani tumeridhika.

Mimi nasema liende vilabuni na vituoni, na nasema hivyo nikijua kuna bibi atakayeachwa wiki hiyo. Sababu si kwamba kijana ana uzito kuliko bibi, hilo nimeshalikataa. Sababu ni kwamba huyo kijana anakohoa kwenye daladala ambayo bibi anaipanda, na anarudi usiku kwenye chumba alicholala mke na mtoto. Katika ugonjwa wa kuambukiza kumtafuta mmoja ni kuwakinga wengine. Lakini mabadiliko yanayomhusu bibi hayahitaji gari. Yanahitaji kliniki ya sukari na ya kifua ziwe siku moja. Yanahitaji muuguzi anayetoa kikopo afungue kinywa. Huwa inanikera sana watu wanapogombania gari, huku mambo ya bure yamelala chini hakuna anayeyaokota.

Nimelitaja daftari mara nyingi, na ni haki kusema kuwa daftari hilo lina historia hapa. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na daktari mmoja Mcheki, Karel Styblo, akasaidia kuujenga utaratibu wake: kila mgonjwa mstari wake, tarehe ya kuanza dawa, vipimo vya kati, na mwisho kilichompata. Miaka ya tisini dunia nzima ikauiga. Kwenye safu ya mwisho unaandikwa mmoja kati ya mifano michache: amepona, amemaliza dawa, amefariki, ameacha, imeshindikana. Hapo ukitazama vizuri unaona wanaume wanajaa kwenye "ameacha" kuliko wanawake, na wazee wanajaa kwenye "amefariki" kuliko vijana.

Mimi lakini nawafikiria wa "amepona". Kuli wa Kariakoo aliyekuwa anapeleka gunia kutoka kwenye lori hadi stoo bila kusimama, sasa anasimama mara tatu njiani, ameshika kiuno, anatafuta pumzi. TB imekwisha, pafu limebaki na makovu. Mama lishe amerudi kwenye moshi uleule. Mzee amerudi na sukari yake, na ganzi ya miguu ambayo hajui kama imetoka kwenye sukari au kwenye dawa. Wote watatu mistari yao imefungwa kwa kalamu nyekundu. Kwenye kliniki ya pumu hawamo, kwa sababu hawana pumu.

Nilimuuliza muuguzi mmoja watu kama hawa anawaandika wapi wakirudi. Akasema wakirudi na kikohozi anawapima TB tena, na isipoonekana anawapa dawa ya kikohozi.